Nilivyojifunza kushuka Usambara kwa baiskeli

Wanaoniuliza habari za kuendesha baiskeli Lushoto karibu wote huulizia kupanda. Wanataka kujua kama mapafu ya mtu wa Tanga mjini, aliyezoea barabara tambarare za karibu na bahari, yatahimili. Yatahimili, ukienda taratibu na ukiwa na gia ndogo. Kwenye baiskeli yangu gia ndogo ya mbele ina meno 22 na kubwa ya nyuma ina 34, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali unanisogeza zaidi kidogo ya mita moja. Mwendo huo ni wa mtembea kwa miguu, lakini unafika. Kilichonichukua muda mrefu kukiweza ni kushuka.

Asiyepajua, Usambara Magharibi ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita kule Kenya na kuishia Udzungwa. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na hadi leo Mombo ndipo unapoanzia mlima: lami inaiacha barabara kuu, inapita Soni, na baada ya kilomita 33 hivi uko Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Juu yake kuna hifadhi ya msitu wa asili ya Magamba, inayovuka mita 2,000. Ukizidi kwenda kaskazini unazikuta Shume, Lukozi na Sunga, halafu Mtae iliyokaa ukingoni kabisa, ambako mlima unakatika na nyika ya Mkomazi inaonekana chini.

Hakuna aliyezichonga njia hizi kwa ajili ya baiskeli. Ni barabara za vumbi za malori ya mbao na mboga, pamoja na njia za miguu ambazo Wasambaa wamezipita vizazi kwa vizazi kwenda shambani, mtoni na sokoni. Uingereza na nchi nyingine za Ulaya wamejenga njia maalumu za baiskeli misituni na kuziwekea rangi kulingana na ugumu: kijani kwa anayeanza, kisha bluu, kisha nyekundu, na nyeusi kwa waliobobea. Niliposoma kuhusu mpango huo niliamua kuutumia. Nikachukua daftari, nikaanza kuzipa rangi njia za Lushoto, na uamuzi huo ndio ulionisaidia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ulinipa ngazi za kupanda moja baada ya nyingine.

Kijani nikaipa barabara ya Lushoto hadi Irente. Si mbali, na mwisho wake ni ule mwamba maarufu ambao ukisimama juu yake unaiona Mazinde na mashamba ya mkonge chini kabisa. Bluu ni barabara ya vumbi inayopita Magamba kwenda upande wa Shume, yenye kokoto na makorongo madogo yaliyochimbwa na mvua. Nyekundu ni njia za miguu zinazokata mashamba ya kabichi, viazi na karoti, zenye kona za ghafla, mizizi na ngazi za udongo. Nyeusi ni zile ambazo mpaka leo nashuka na kuikokota baiskeli, na sioni haja ya kubadili hilo.

Sasa breki. Baiskeli niliyoanza nayo ilikuwa ya mtumba, magurudumu inchi 26, breki za mpira zinazobana rimu. Kwenye mteremko mrefu breki za aina hiyo zinapasha rimu joto, na ukizishikilia bila kuachia, joto linaingia mpaka kwenye tyubu, na tyubu iliyopashwa hivyo inaweza kupasuka. Kwa hiyo nilijifunza kubana kwa nguvu kidogo, kuachia, kubana tena, na kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Kila baada ya muda nasimama. Nagusa rimu kwa haraka na ncha ya kidole, naipumzisha mikono yangu, kisha naendelea. Baadaye fundi wangu wa Tanga alinifungia breki za diski zinazovutwa kwa waya, akanielekeza pia nitumie kidole kimoja au viwili tu kwenye breki, vingine vibaki kwenye usukani. Mikono iliacha kufa ganzi.

Breki ya mbele wengi wanaiogopa, na naielewa hofu hiyo. Lakini unaposhuka uzito wako wote unaelemea mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Siri iko kwenye mwili: siti nimeishusha, nimesimama juu ya pedali zilizolingana, magoti na viwiko vimelegea, nyonga zimerudi nyuma kidogo. Nikiwa hivyo naweza kuibana ya mbele polepole bila kurushwa. Macho nayaweka mbali, pale ninapotaka kufika. Nikilitazama jiwe, nitaligonga. Jambo hili nilikuwa nikilisikia, nikaliamini siku nilipoanza kutazama upenyo kati ya mawe, na baiskeli ikapita.

Upepo wa tairi nao una kazi yake. Tairi ikijazwa kama ya barabara ya lami inarukaruka juu ya kokoto. Mimi naushusha hadi psi 30 hivi, na mwenye mwili mkubwa aongeze, maana ukizidisha kushusha jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba.

Kuna somo ambalo hakuna baiskeli inayoweza kukufundisha. Njia za nyekundu ni za watu kwanza. Kina mama wanashuka na mizigo ya mboga kichwani, watoto wanatoka shule, mzee anamswaga ng'ombe wake. Mimi napiga kengele kabla ya kila kona, nikiona mtu nashuka, na ninakaa upande wa bondeni ili mwenye mzigo apite upande wa mlima ulio salama. Halafu salamu. Mara moja bibi mmoja karibu na Magamba alijibu shikamoo yangu, akaniambia, "Marahaba mwanangu. Pita, ila saa hizi watoto wanatoka shule, hawatazami mbele." Tangu hapo najipanga niwe nimetoka kwenye njia za vijijini kabla ya saa za shule kufungwa.

Na kuna udongo wenyewe. Ukilifunga gurudumu la nyuma likaburuzika, linachimba mfereji mwembamba, na mvua ya masika ikiukuta mfereji huo inaugeuza korongo. Wilaya hii imehangaika na mmomonyoko kwa miongo mingi. Watu wa Mlalo na kwingineko walishalazimishwa kuchimba matuta enzi za Waingereza na wakagoma, na miaka ya 1980 mradi wa SECAP, wa kuzuia mmomonyoko, ulikuja kufundisha makinga maji ya majani na miti. Mtu akitoka mjini kuja kuburuza tairi kwenye njia ya shamba la mwenzake, anaharibu kazi ya mikono iliyodumu miaka. Kwa sababu hiyo Machi hadi Mei siendi kabisa kwenye njia za miguu, hata mvua ikikatika siku mbili.

Ndani ya hifadhi ya Magamba utaratibu ni tofauti: inasimamiwa na TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, unalipia ofisini kwao, unachukua mwongozaji na kuuliza njia gani inaruhusiwa baiskeli. Fanya hivyo. Miti ya mikulo huko ni minene, kuna mbega, na ukungu unaweza kushuka katikati ya mchana ukakufunika. Shume ina historia yake: Wajerumani walijenga njia ya waya ya kuteremshia magogo kutoka juu huko hadi Mkumbara, kwenye reli. Nikiwa ukingoni nikitazama jinsi mlima unavyokatika, naelewa kwa nini waliona waya ni rahisi kuliko barabara.

Kwa anayetaka kuanza, miezi ninayoipenda ni Juni hadi Septemba. Ni baridi, beba koti na glavu, lakini ardhi imekauka na inashika tairi. Anza na Irente, irudie mpaka mikono isichoke, ndipo uende Magamba. Pedi za breki za akiba, tyubu mbili, viraka na pampu mimi navinunua Tanga kabla ya kupanda basi.