Nilingojea watoto wa buibui, akatoka mdudu mwingine kabisa

Mi niko Lubumbashi, na tuna kashamba kadogo njia ya Kasenga, pembeni ya pori la miombo ambalo watu wa makala, yaani mkaa, bado hawajalimaliza. Mwezi wa kwanza, wakati mvua inapiga kila siku, nikabandua gamba la mti mkavu nikaona vifuko vyeupe vya mayai ya buibui, bapa kama vifungo vya koti. Nikachukua vitatu, nione tu wanavyotoka, hakukuwa na sayansi yoyote.

Cha kwanza sisimizi walikimaliza usiku mmoja. Cha pili nilikuwa nakilowesha sana nikidhani nakisaidia, kikaota ukungu. Cha tatu ndio akili ikaja: chupa ya mayonezi, juu kitambaa cha neti na lastiki, ndani kipande cha lile gamba na pamba yenye matone mawili ya maji, alafu chupa nzima nikaisimamisha katikati ya sahani yenye maji ili sisimizi wasivuke. Mke wangu akaniangalia, "Baba Keren, sasa na buibui unafuga mu nyumba?" Nikanyamaza.

Siku ya 26 asubuhi nakuta kimesimama kitu, mikono ya vunjajungu imekunjwa kifuani, shingo ndefu, lakini mabawa manne ya wavu yamelala mgongoni kama paa la nyumba, mwili rangi ya nyigu. Kitoto cha buibui hata kimoja! Nikakagua neti mara mbili, tundu hakuna. Ila kwenye neti kulikuwa na ngozi kavu imeng'ang'ania.

Nikapiga foto nikamtumia mwalimu mmoja wa biolojia, akanicheka kwanza. Eti ni mantispa, vunjajungu si ndugu yake, ndugu zake ni wale ambao watoto wao wanachimba vishimo vya mchanga kunasa sisimizi.

Maisha yake sasa, yalinikosesha usingizi. Mama anataga mayai mamia, kila moja juu ya kikonyo chembamba kama unywele. Kitoto kikitoka ni kadogo sana lakini kina mbio, kinaenda kutafuta mayai ya buibui, aina zingine kinatoboa kifuko na kuingia, zingine kinampanda buibui mwenyewe, kinakaa pale kwenye kiuno kinamnyonya damu kidogo kidogo, na siku anafuma kifuko kinajipenyeza ndani kabla hajafunga. Yaani mama wa watu anamfungia mwizi mlango kwa ndani! Humo kinafyonza mayai kwa taya zilizo kama mrija, kinanenepa kinakuwa funza mvivu, kinafuma hariri yake ndani ya hariri ya mwenye nyumba. Brauer, mtu wa Austria, aliandika habari hizi toka 1869, na sisi tunapita chini ya miti hiyo kila siku. Na ile ngozi, kumbe anatoka kifukoni bado ameivaa, anatembea nayo, anapanda mahali ndio anaivua.

Nikamrushia nzi, akamdaka kwa ile mikono kabla sijaona vizuri. Jioni nikamwachia kwenye muembe wa nyuma. Kurani, yaani umeme, ilikuwa imekatika, ikarudi saa mbili usiku, natoka nje nakuta bwana huyo yuko ukutani chini ya taa, amekunja mikono yake.