Namba ya askari ionekane
Leo nikiwa hapa Tabora nimesoma kuhusu sheria ya California, Marekani, iliyotiwa saini na Gavana Gavin Newsom Septemba 2025, iliyolenga kuwazuia askari wengi kuficha nyuso zao wawapo kazini, isipokuwa kwa sababu maalumu kama upelelezi wa siri. Nikamkumbuka askari wa usalama barabarani aliyenisimamisha njia ya Urambo, tukaachana leseni yangu ikiwa bado mikononi mwake. Niliipata jioni kwa sababu tu nilikuwa nimeisoma namba kwenye sare yake, ambayo wenzake kituoni waliitambua mara moja. Hofu ya askari kufuatwa hadi nyumbani kwake siipuuzi, lakini mwananchi anayekamatwa na mtu asiye na sura wala namba atamtofautishaje na mtekaji?