Siku moja maishani mwangu: kocha wa mabonge hapa Houston

Saa 11 alfajiri alamu inalia, chai ya haraka, gari. Jumanne ndo siku nzito kuliko zote kwenye wiki ya mpira wa Kimarekani, maana mechi ni Ijumaa usiku na leo tunavaa pedi kamili za kujikinga mwilini. Mi ni mwalimu wa hesabu sekondari moja huku Texas, makocha wengi huku ni walimu pia, na kwenye timu nimepewa mabonge, wale watano wa mstari wa mbele: senta katikati, magadi wawili kando yake na matekoli wawili wa pembeni kabisa. Kazi yao ni kumlinda kwotabeki, yule anayerusha mpira, na kumfungulia njia anayekimbia na mpira. Hawadaki, hawarushi, na uwanjani utasikia wametajwa pale tu refa anaposema namba fulani kashika mtu jezi, rudini nyuma yadi 10.

Saa 12 asubuhi jimu. Wazazi wengi wanadhani mtoto akiwa mkubwa basi keshafika. Wapi! Bonge wako kila shule. Mi naangalia miguu kwanza, nani anapiga hatua fupi za haraka bila kujikwaa, nani anachuchumaa na vyuma begani mgongo ukabaki umenyooka. Mwaka huu nina dogo wa darasa la 9, miaka 14, urefu mita 1.93 na bado anarefuka, wazazi wake ni Wakongo waliokaa Uganda miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Anacheza na basketi, na hiyo ndo iliyonivutia, kwa sababu makocha wa vyuo lazima wakuulize kama bonge wako anacheza basketi au mieleka, wanataka kujua kama anajua kugeuka.

Saa 2 mpaka saa 6 nafundisha aljebra. Msione hii ni nje ya mada, hapa ndo safari za wengi zinafia. Texas wana sheria tangu 1984, ukipata chini ya 70 kwenye somo unakaa benchi. Halafu vyuo vikubwa vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, vinataka masomo 16 ya msingi na wastani wa 2.3 kati ya 4, na aljebra ya darasa la 9 imo humo humo, kwa hiyo mtoto anayechezea hesabu leo akiwa na miaka 14 anakuja kugundua akiwa na 17 kwamba skolashipu imempita. Dogo wangu ana 68 sasa hivi. Nimeshamwambia.

Mchana kaja kocha wa chuo kimoja, kakaa dakika 20 tu. Kaangalia video ya tekoli wangu wa darasa la 12 kaniuliza urefu wa mikono. Mikono! Tekoli mwenye mikono mifupi wanamsogeza ndani awe gadi, anaweza akala maisha vizuri tu huko ndani lakini hela kubwa ziko pembeni.

Saa 10 jioni uwanjani, jua la Septemba bado linachoma. Sheria inampa kila mchezaji dakika 90 tu za kugongana kamili kwa wiki nzima, basi muda mwingine wote ni ufundi. Unakaa kama mtu anayetaka kukalia kigoda halafu akabadili mawazo. Hatua ya kwanza fupi, mikono ndani ya kifua cha mwenzio, vidole gumba juu. Tunawapitisha chini ya kibanda cha mabomba, ukiinuka mapema helmeti inagonga chuma, kengele yake utaikumbuka. Aliye chini ndo mshindi hata kama kazidiwa kilo 20. Dogo kagonga bomba mara kibao, akanuna, mara ya mwisho akapita safi, nikapiga kelele mpaka wa uwanja wa pili wakageuka.

Saa 1 usiku mama yake kaja kumchukua. "Mwalimu, huyu mutoto anakula sufuria yote peke yake, na bado unasema anenepe?" Nikamwambia mama, sijasema anenepe, aongeze mayai na maharage, kilo zitakuja zenyewe, hata akifika chuo mwaka wa kwanza wengi wanawekwa pembeni wale na wanyanyue vyuma, wanaonjeshwa mechi chache tu bila kupoteza mwaka wao wa kucheza. Akauliza kuna mtu wa kwetu aliyefika? Nikamtajia Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, kazaliwa Indianapolis, sekondari kasoma hapo hapo, akaenda Boston College, Giants, timu ya NFL, ligi kuu ya kulipwa, wakamchukua raundi ya kwanza 2006 kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Yeye alikuwa mstari wa mbele upande wa ulinzi, lakini ni mstari wa mbele tu kama wetu. Mama jina Kiwanuka analijua toka Kampala, akacheka, akamwangalia mwanae upya.

Saa 3 usiku kanipigia kijana wangu wa zamani, yuko kikosi cha mazoezi cha timu ya NFL. Wanalipwa zaidi ya dola 12,000 kwa wiki, nzuri sana, ila unaweza kukatwa siku yoyote. Jumanne ni off yao na ndo siku timu zinaita wageni kuwajaribu, kwa hiyo haachi simu. Hakuitwa kwenye drafti, raundi zote 7. Huwa namkumbusha Jordan Mailata, Mwaustralia wa ragbi aliyechukuliwa namba 233 mwaka 2018 hajawahi kucheza mechi hata moja ya huu mpira, na Februari 2025 kabeba Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa na timu ya Eagles. Leo hakutaka habari za Mailata, alitaka tuangalie video ya mguu wake wa kushoto unaochelewa. Tumeiangalia mpaka saa 5, mguu kweli unachelewa, anaweka uzito kisiginoni. Kesho anaanza nao, na dogo kesho analeta homework ya aljebra kabla ya jimu la sivyo havai pedi.