Mbona Huyu Kapata Miaka 35?

Arusha ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa na waandishi wa aina mbili. Wengi walikuwa wa kila kitu: asubuhi baraza la madiwani, mchana Mererani kwa wachimbaji wa tanzanite, jioni Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kwenye mpira. Halafu tulikuwepo sisi wachache wa "Mahakama ya Rwanda". Walinzi wa getini AICC, jengo la mikutano ya kimataifa ambamo kesi zilisikilizwa, walitujua kwa sura, na wenzetu walitutania kwamba tumeolewa na Umoja wa Mataifa bila mahari.

Niliingia huko kwa bahati tu. Mwaka 1999 kaka aliyekuwa akiandika habari za mahakama hiyo kwenye gazeti letu alihamia Dar es Salaam. Akatafutwa mtu wa kusoma Kiingereza cha wanasheria bila kusinzia, nikapelekwa mimi "kwa muda". Desemba 2003 muda huo ulikuwa bado haujaisha.

Kwa walio wadogo: mahakama ile iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994 kuwahukumu wahusika wakuu wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, na makao yake yakawekwa Arusha. Washtakiwa walilala Kisongo, nje kidogo ya mji, wakaletwa AICC siku za kesi. Sisi tulikaa nyuma ya kioo tukiwa na vifaa vya kusikilizia masikioni. Shahidi alisema kwa Kinyarwanda, mkalimani mmoja akatoa Kifaransa, mwingine akakidaka Kifaransa hicho akakigeuza Kiingereza. Ukimwona shahidi analia, maneno yaliyomliza bado yako njiani. Na shahidi aliyehitaji kulindwa aliitwa kwa herufi tu. Ikibidi, pazia linavutwa mbele ya kioo na wewe unabaki kutazama kitambaa.

Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kusubiri. Pingamizi, hoja, kuahirishwa, wakili kaumwa, shahidi hajafika. Shirika la habari la Hirondelle, la Waswisi, lilikuwa na waandishi wake pale waliofuatilia kesi siku baada ya siku, na ukikosa kikao kimoja ungewaona wao wanacheka kitu wewe hukielewi. Gazeti letu halikuwa na uvumilivu huo. Mhariri wangu aliniuliza mara nyingi ni nani Tanzania hii anayenunua gazeti kwa ajili ya pingamizi la wakili.

Ila kesi moja hata yeye aliifuatilia. Wote tuliiita Kesi ya Vyombo vya Habari. Washtakiwa walikuwa watatu. Ferdinand Nahimana, mwalimu wa historia wa chuo kikuu, na Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji yale. Wa tatu, Hassan Ngeze, alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura, lililochapa zile "Amri Kumi za Mhutu", orodha ya kuwachochea Wahutu dhidi ya Watutsi, Desemba 1990. Kesi ilianza Oktoba 23, 2000 na ikasikilizwa kwa siku 241.

Ugumu wake kwetu ulikuwa kwamba vielelezo vilikuwa vitu vya mezani kwetu. Katika kesi nyingine ungeonyeshwa picha za makaburi, ramani za vizuizi vya barabarani. Hapa mwendesha mashtaka aliinua nakala ya gazeti, akauliza nani alichagua kichwa hiki cha habari, nani aliidhinisha katuni hii, nakala ngapi zilichapwa. Yalikuwa maswali ambayo mhariri wangu alituuliza kila Jumatatu. Halafu zikapigwa kaseti za redio. Sikujua Kinyarwanda, lakini kicheko nakielewa. Watangazaji walikuwa wanataniana, muziki unaingia kwa wakati wake, sauti zimechangamka. Kisha mkalimani, kwa sauti yake ile ile ya siku zote, akawa anatoa majina ya watu, wanakoishi, namba za magari yao. Kwa mtu anayejua kazi hii, kilichotisha ni kwamba ilikuwa redio nzuri. Ilijua kumshika msikilizaji.

Hukumu ilipangwa Jumatano, Desemba 3, 2003, kama wiki moja baada ya Idi. Nilipofika getini nilikuta foleni ambayo sikuwahi kuiona pale. Kulikuwa na kamera, wageni wenye vitambulisho vipya shingoni, watu wa mashirika ya kutetea uhuru wa habari kutoka Ulaya na Marekani. Hukumu ya namna hii dhidi ya wanahabari haikuwa imeonekana tangu Nuremberg, kesi za Wanazi baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo walikuja, na walikuwa na haki ya kuja. Mlinzi mmoja aliponiona akanipungia mkono nipite pembeni. Sitaficha, nilijisikia.

Ndani wageni wakawa wanatuuliza sisi wenyeji. Nahimana ni yupi? Huyo mwenye miwani? Jaji wa katikati ni nani? Ni Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, nikawaambia. Yule wa kulia kwenu ni Erik Møse wa Norway, mwingine ni Gunawardana wa Sri Lanka. Barayagwiza yuko wapi? Hayupo. Amesusia tangu siku ya kwanza.

Pembeni yangu alikaa kaka mmoja wa gazeti jingine, mzoefu kuliko mimi. Tulikuwa tumewekeana dau la sahani ya nyama choma. Najua inavyosikika. Ukikaa mahakamani miaka mingi unaanza kuzungumzia vifungo vya watu kwa lugha ambayo mama yako asingependa kuisikia, na sisi tulikuwa tumeshafika huko. Dau lilikuwa hili: yeye alisema wote watatu wanapata kifungo cha maisha, mimi nikasema Barayagwiza hapati.

Si kwamba nilikuwa na jicho la mganga. Nilikuwa na daftari la mwaka 1999. Novemba 3 ya mwaka huo, nikiwa bado mgeni kazini, kitengo cha rufaa cha mahakama hiyo hiyo kiliamuru Barayagwiza aachiwe huru. Alikuwa ameshikiliwa Kamerun muda mrefu bila kufunguliwa mashtaka, na hata alipoletwa Arusha Novemba 1997 alikaa siku 96 kabla ya kusimamishwa mbele ya jaji. Majaji wakasema haki zake zimevunjwa vibaya mno. Kigali ikawaka. Serikali ya Rwanda ikasitisha ushirikiano na mahakama, na bila Rwanda hakuna mashahidi, bila mashahidi hakuna kesi. Carla Del Ponte, mwendesha mashtaka mkuu, akaomba uamuzi uangaliwe upya. Machi 31, 2000 majaji wakabadilisha: kesi iendelee, lakini akionekana hana hatia atalipwa fidia, na akionekana ana hatia adhabu yake ipunguzwe.

Sentensi hiyo ya mwisho nilikuwa nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kisha, Mei 2003, Laurent Semanza, mshtakiwa mwingine wa mahakama hiyo, ambaye suala lake lilikuwa na harufu ile ile, alihukumiwa miaka 25 akakatiwa miezi 6 kwa kuvunjiwa haki. Kwa hiyo ahadi ilikuwa inatekelezwa. Kilichobaki ni kuona kifungo cha maisha kinapunguzwaje, maana maisha huwezi kuyatoa miezi 6.

Jaji Pillay alisoma muhtasari kwa muda mrefu, taratibu, bila kupandisha sauti. Alipomfikia Nahimana, msomi, alimwambia kwamba bila bunduki, bila panga, bila silaha yoyote ya kushika mkononi, alisababisha vifo vya maelfu ya raia wasio na hatia. Kifungo cha maisha. Ngeze akaambiwa alitia sumu akilini mwa wasomaji wake. Kifungo cha maisha. Kisha likaja jina la asiyekuwepo. Majaji walisema adhabu inayomstahili ni maisha, lakini kwa kufuata uamuzi wa rufaa wa Machi 2000, wanampa miaka 35, na muda aliokwisha kukaa ndani uhesabiwe. Ikabaki miaka 27 na ushee.

Minong'ono ikapita kwenye viti vya nyuma. Yule kaka wa pembeni yangu hakusema kitu, akaandika kwenye kona ya daftari lake "nyama" na kunionyesha.

Tulipotoka, dada mmoja mwandishi wa kigeni alinivuta mkono. Nilidhani anataka maelezo ya ile 35, nikawa nimeshafungua daftari. Akauliza kitu kingine kabisa: manusura wamekaa upande gani? Nikageuka kutazama ukumbi unaomwaga watu. Wanasheria, wafanyakazi wa UN, wanadiplomasia, waandishi, wanafunzi wachache. Sikuwa na upande wa kumwonyesha. Manusura walikuja kama mashahidi, wakasema nyuma ya pazia, wakarudishwa kwao. Kutoka Kigali mpaka Arusha ni safari ya mabasi na mpaka, na hakuna aliyekuwa amewalipia kuja kukaa kwenye kiti tu na kusikiliza. Mimi nilikuwa nimeviona viti hivyo miaka minne na sijawahi kuuliza nani hakukalia. Mgeni wa asubuhi moja aliuliza. Tangu siku ile sikuwacheka tena waandishi wa kushuka na ndege, angalau si wote.

Nikakimbilia kwenye mgahawa wa intaneti, Barabara ya Sokoine, nikaandika huku jasho linadondokea kibodi, maana feni lilikuwa la mapambo. Nilikuwa sijamaliza, simu ikaita. Mhariri.

"Mama, hapa nina habari ya shirika la nje. Wawili maisha, mmoja 35. Ndivyo?"

"Ndivyo, bosi."

"Mbona huyu kapata miaka 35? Kosa lake dogo?"

"Hapana. Kosa ni lile lile. Na adhabu ilikuwa ile ile."

"Sasa imepunguzwa kwa nini?"

"Kwa sababu ya mahakama yenyewe."

Akanyamaza. Nikasikia anaita mtu afunge mlango. Nikamweleza tangu Kamerun, siku 96, Novemba, Kigali, Machi, Semanza. Nikamwambia tukiandika 35 bila sababu, msomaji wa Ngara, aliyewaona wale maelfu wakivuka Rusumo Aprili 1994, ataelewa kwamba majaji wamemwonea huruma mtu wa redio. Na msomaji mwingine ataelewa kwamba Barayagwiza alifanya kidogo kuliko wenzake. Wote wawili tutakuwa tumewadanganya bila kuandika neno hata moja la uongo.

"Maneno mangapi?"

"Mia nne."

"Huna mia nne. Una mia moja na hamsini, ndani ya habari kuu."

Tukavutana. Niliandika mia nne hata hivyo nikatuma, nikijua watakata. Asubuhi nilipofungua gazeti pale kwa muuza magazeti karibu na Mnara wa Saa, nikakuta maelezo yangu yote yamekaa kwenye sanduku lake, ukurasa wa tatu, na jina langu juu. Nikafurahi kupita kiasi. Nilipopiga simu kushukuru, msanifu wa kurasa akaniambia bila haya kwamba kuna mteja aliondoa tangazo lake usiku, kukawa na shimo. Ndivyo magazeti yanavyofanya kazi, na sikuwahi kumuuliza mteja yule ni nani ili nimpelekee asali.

Deni la nyama lililipwa Ijumaa, kule Kilombero, na aliyenidai alichagua kipande chenye mifupa mingi makusudi. Samahani, nimepindua: mimi ndiye niliyekuwa nadai, lakini kwa jinsi alivyokula ungedhani ni yeye.

Wiki iliyofuata mhariri akapiga tena. Kuna mgogoro wa wachimbaji Mererani, niende.

"Si mahakama imeisha?"

"Ya hawa bado, bosi. Kuna rufaa."

"Rufaa mpaka lini?"

Nilimwambia inaweza kuchukua mwaka, labda miwili. Ilichukua karibu minne. Novemba 28, 2007, pale pale Arusha, majaji wa rufaa walifuta baadhi ya makosa, ikiwemo lile la kula njama, wakamwekea Nahimana miaka 30, Ngeze 35, na Barayagwiza 32. Bosi alikuwa ameshahama gazeti, ana ofisi yake ya uhusiano Dar, na kiyoyozi. Nilimpigia kumpa habari.

"Thelathini na mbili?" akasema. "Si alikuwa na 35? Kwa nini tena?"

Nikamuuliza ana dakika ngapi.