Hawa jjkk ni akina nani

Mi Linux, ile inayokaa kwenye kompyuta badala ya Windows, sikuitafuta, niliwekewa. Mwaka 2019 nilikuwa na kasteshenari kangu Mwanjelwa, Mbeya, chumba kimoja, fotokopi moja, printa moja ya leza na kompyuta moja ya mtumba, zile ndogo za ofisini, na tatizo langu kubwa lilikuwa flashi za wanachuo. Mtu anakuja na risechi yake, flashi imejaa vile virusi vinavyogeuza mafolda yote kuwa shotikati, akichomeka tu umekwisha, kila baada ya wiki mbili nampa fundi hela apige windo upya. Mdogo wangu alikuwa chuo Iringa, akaja likizo akasema kaka unachoma hela bure, akanipigia Linux Mint 19, ile nyepesi ya Xfce maana mashine yenyewe ramu kiduchu. Virusi vikaisha kweli, hilo namshukuru mpaka leo.

Ila ndo ukaanza ugonjwa wa monita. Ukiiacha kompyuta dakika kumi bila kuigusa monita inalala, sawa, ndo inavyotakiwa, sasa shida kuamka. Unatikisa mausi, unapiga kibodi, wapi, kataa ka njano kanawaka kanazima kanawaka kanazima na kioo cheusi tii. Siku nyingine inaamka vizuri tu kama haijawahi kukukosea. Nilikuwa naizima kwa kubonyeza ile suichi ya CPU mpaka izime, naiwasha upya, maisha yanaendelea, na kila nikiizima namtukana dogo kimoyomoyo. Linux yake hiyo.

Sasa mwezi wa saba, na kama hujawahi kukaa Mbeya mwezi wa saba sijui nikuelezeje ile baridi, asubuhi mlima Loleza huuoni kwa ukungu na vidole havikunji. Saa mbili na kitu ndo nimefungua, akaja mama mmoja wa makamo, kajifunga vitenge viwili na sweta juu, nikampa shikamoo, akaitika, akasema mwanangu nataka wasifu wa marehemu. Kaka yake amefariki, maziko Tukuyu saa nane mchana, yeye ndo kapewa kazi ya kuandikisha huku mjini halafu apande Coaster pale stendi ya Nanenane. Kilomita 70 hivi, ila Coaster za kule mnazijua, kuondoka ni mpaka ijae. Nikamwambia mama kaa, nusu saa tumemaliza.

Hakuwa na karatasi. Yote kichwani. Akawa anataja mi nachapa: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alifanya kazi kwenye mashamba ya chai miaka mingapi, alioa lini, aliugua lini. Anataja taratibu, akifika penye uchungu ananyamaza anaangalia mlango, mi nasubiri, siwezi kumharakisha mtu kwenye hali ile. Tukafika mwishoni, ameacha mjane, watoto 7, na wajukuu... hapo akakwama. Wajukuu 22 au 23? Kuna mmoja kazaliwa juzi juzi Kyela, hana uhakika kama wazee wanamhesabu. Akasema ngoja nipige simu, akatoka nje kutafuta netiweki.

Simu ya msiba haijawahi kuwa fupi. Nikaona na mi nikachukue chai na kitumbua kwa dada wa jirani, nikasimama kwenye jiko lake la mkaa naota moto. Tunarudi wote na yule mama, yeye anasema ni 23 mwanangu wamesema wote wahesabiwe, mi naangalia kioo. Cheusi. Kataa ka njano, waka zima waka zima.

Na sijasevu. Ukurasa mzima sijasevu hata mara moja, mtu mwenye steshenari yake!

Nikaanza fujo. Nikatikisa mausi, nikapiga spesi, nikapiga kibodi kwa viganja vyote viwili kama napiga ngoma, nikaizima monita kwenye kitufe chake nikaiwasha, ikaleta nembo yake sekunde mbili halafu ikasema haina signo ikalala tena. Waya wa picha wa nyuma nikataka kuuchomoa, ni wa DisplayPort, una vile vimeno vya kubana ndani, na CPU nilikuwa nimeisokomeza kati ya ukuta na fotokopi, mkono unaingia ila kidole cha kubonyeza hakifiki. Mkono ukaenda kwenye suichi ya CPU kama kawaida yangu. Yule mama akaniuliza, ukizima yale maneno yatakuwepo? Nikamwambia mama hayatakuwepo. Akasema basi usizime.

Nikabonyeza Caps Lock, kale kataa ka kibodi kakawaka. Nikabonyeza tena, kakazima. Ah. Kumbe mashine yenyewe iko macho, inasikia, kilicholala ni kioo tu. Na loki nilikuwa nimeitoa siku nyingi, skrini seva nayo nimezima, nimebakiza ile ya kulaza monita peke yake, kwa hiyo lile faili liko palepale, kasa, kale kamstari ka kuandikia, iko palepale baada ya neno wajukuu, tatizo silioni tu.

Nikabonyeza Ctrl na P, zile za kuprinti. Nikahesabu mpaka tano. Enta.

Kimya. Halafu printa ikakohoa, ile sauti ya kuamka, ikaanza kunguruma, na karatasi ikatoka ya moto! Mama akaichukua kabla yangu, akatoa miwani kwenye pochi, akasoma yote kutoka juu, mdomo unatembea. Akafika chini akasimama.

"Mwanangu, hawa jjkk ni akina nani kwenye ukoo wetu?"

Nikaangalia. Ameacha mjane, watoto 7, na wajukuu jjkkkl;fff halafu mistari kama mitatu mitupu halafu dddd. Ni zile ngoma zangu za kibodi, zote ziliingia. Nilitaka kucheka, nikamwangalia usoni nikaacha, halafu akacheka yeye, kidogo tu, akafuta macho na ncha ya kitenge.

Basi printa ndo ikawa monita yangu. Nikachukua peni nikahesabu takataka kwenye karatasi herufi moja moja, lakini spesi huzioni kwenye karatasi kwa hiyo hesabu haiwezi kukaa sawa, nikapiga bekspesi arobaini kwa kukadiria, Ctrl P, tano, Enta. Karatasi ya pili ikatoka imeishia kwenye "ameacha mjane, wat". Nimekula watoto. Sawa, angalau sasa najua nilipo, nikaandika taratibu kwa kidole kimoja kama mtoto wa darasa la kwanza, o, t, o, spesi, saba, huku mama kanisimamia begani anataja kila herufi utadhani yeye ndo anaona. Watoto 7 na wajukuu 23. Nukta. Enta. Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe. Ctrl P.

Ya tatu ilikuwa safi isipokuwa lihimidiwe ilikuwa na e mbili mwishoni. Akasema hiyo acha, mchungaji atasoma vizuri. Mi nikakataa, nikapiga bekspesi mbili nikaweka nukta, ya nne ikatoka. Nikaipitisha kwenye fotokopi nakala ishirini, nikamchaji buku ya ukurasa na za fotokopi, karatasi zilizoharibika juu yangu. Akasema ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, akaondoka mbio. Ilikuwa saa nne kasoro.

Jioni nikampigia dogo na hasira zangu zote. Linux yako leo nusura iniaibishe kwa mfiwa. Dogo ananijua, akaniacha nimalize, halafu akaniuliza kitu kimoja, kwamba monita ikishalala kompyuta yenyewe inasemaje? Nikamwambia kompyuta inasemaje na kioo hakionekani? Akasema ingia kwa simu. Kumbe alipokuwa likizo alishaniwekea SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mashine nyingine, akaniambia nishushe Termux, app ya kuandikia amri kwenye simu, tukaiacha monita ilale makusudi mpaka ikagoma, nikaingia kwa simu anavyonielekeza. Tukajaribu xset dpms force on, amri ya kuamsha monita, hamna kitu. Tukajaribu Ctrl Alt F2 halafu kurudi F7, hamna. Tukapiga xrandr, ile ya kuuliza monita gani zimechomekwa, pale ndo ikaandika DP-1 disconnected, yani haijachomekwa. Na waya umechomekwa! Naushika na mkono!

Akanielezea. Ile VGA, waya wa picha wa zamani, haina mambo mengi, kompyuta ikirudisha picha monita inaamka. DisplayPort ina pini ambayo monita inaitumia kuiambia kompyuta "nipo", sasa kuna monita zikilala usingizi mzito zinaiachia ile pini, kompyuta inadhani zimechomolewa, inaacha kutuma picha, na monita nayo haiamki mpaka ipate picha. Yani kama watu wawili wamekutana njiani kila mmoja anasubiri mwenzie aanze salamu. Kwa hiyo xset ilikuwa inaamsha kitu ambacho kompyuta inaamini hakipo.

Tukaanza na njia ya mkato, xset -dpms na xset s off kwenye vitu vinavyowaka na mashine, monita isilale kabisa. Ikafanya kazi, ila niliona LUKU inaisha haraka, labda ni wasiwasi wangu tu. Tukaingia menyu ya monita yenyewe tukazima ule usingizi mzito. Ikapungua sana, lakini haikuisha, mara moja moja kwa wiki inarudia na mi nishaanza kuamini pepo.

Aliyetoboa ni mimi, nataka hilo lijulikane. Usiku mmoja nafunga nikachomoa umeme wa CPU, monita nikaisahau inawaka, nikaona taa ya CPU bado inawaka hafifu kama makaa ya jana. Haina umeme na inawaka! Nikampigia saa nne usiku. Akanyamaza halafu akasema kaka, waya ule ulinunua wapi? Nikamwambia kwa mtu anapanga chini, 5,000. Akasema pini ya 20 hiyo. Ile pini ni ya umeme, volti 3.3, na waya wa kawaida wa DisplayPort hautakiwi kuiunganisha upande kwa upande, wanaotengeneza hovyo wanaiunganisha, basi umeme wa monita unaingia kwenye kompyuta na wa kompyuta kwenye monita, vinalishana, hakuna kinacholala wala kuamka vizuri. Nikatafuta waya wa 15,000 mjini, nikaiburuta fotokopi, nikabadilisha. Nikarudisha usingizi wote kama ulivyokuwa. Haijawahi kugoma tena.

Miezi miwili mitatu hivi baadaye yule mama akarudi, safari hii kadi za mchango, mjukuu anaolewa. Nikampa kiti. Akasema hapana, akasimama begani kwangu palepale alipokuwa amesimama siku ile. Tukiwa katikati simu yake ikaita, akaiangalia, akaizima, akairudisha kwenye pochi.

"Andika kwanza," akasema. "Na usevu."