Kuku wa Kithai si mchuzi: alinishinda mara tatu kabla hajakubali

Niliambiwa niweke tui la nazi. Niliambiwa nianze na kitunguu maji, nyanya mbili, karoti na hoho za rangi tatu. Mwingine, kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa Bangkok, akasema nimchemshe kuku kwanza "ili aive vizuri". Nikafuata yote, kwa siku tofauti, na kila mara nikapata mchuzi. Mchuzi mtamu, sikatai, sahani zilirudi zimefutwa kwa mkate. Ila haikuwa phat kaphrao kai, kuku wa kukaangwa kwa majani ya rehani, ambaye ndiye niliyekuwa namtafuta.

Kwao Thailand hiki ni chakula cha kila siku, na wana utani wa kukiita chakula cha aliyeishiwa mawazo: umefika kibandani, hujui uagize nini, unataja hicho. Ni kama sisi na chipsi mayai. Kinapikwa dakika tano, tena sahani moja moja. Sasa mtu akikuorodheshea viungo kumi na vinane, ujue anakupikisha kitu kingine. Hata kitunguu maji na yale maharage mabichi marefu Wathai wenyewe wanabishania. Wapo wanaoona ni ujanja wa muuzaji kujaza sahani bila kuongeza nyama. Mimi nipo na hao.

Kwa watu wawili natumia nyama ya mapaja gramu 300 hivi, bila mfupa wala ngozi. Kidari kinafaa ila kinakauka upesi. Kuku wa kienyeji mwache kwa supu, maana dakika tano hazimtoshi hata kuanza kulainika. Saumu punje sita, pilipili kichaa tano, zote zitwangwe pamoja kwenye kinu mpaka zipasuke, zisifike kuwa uji. Pilipili mbuzi nilijaribu: harufu yake inameza kila kitu. Mchuzi wa samaki, yaani ile sosi ya chupa, kijiko kimoja cha chakula, sosi ya chaza kijiko kimoja, soya kijiko cha chai, sukari kijiko cha chai. Majani ya rehani konzi mbili za kujaa, mabua yameondolewa. Chupa tatu za sosi zilinitoka kama elfu thelathini na kitu, lakini zina miezi sasa na hazijafika nusu.

Ile mara ya kwanza nilichukua nusu kilo ya kuku, imetoka kwenye friza mchana huo huo, bado ina ubaridi katikati, nikaimimina yote kwenye kikaango cha kawaida. Kwa sekunde kumi nilisikia ule mlio mzuri wa chwaaa. Kisha mlio ukashuka, ukawa bubu, ukaanza kububujika. Nikatazama: kuku anaogelea. Maji yalitoka kwenye nyama kwa kasi kuliko moto ulivyoweza kuyakausha, na nyama iliyo ndani ya maji haivuki nyuzi 100, wakati ule wekundu wa kukaangwa, wenye utamu wenyewe, unahitaji kama nyuzi 140. Nikaongeza soya nikidhani nitapata rangi. Nikapata rangi ya chai ya maziwa. Nikaacha ichemke ili ikauke, na kweli ilikauka, ila chumvi yote ikabaki kwenye vipande vilivyokuwa vigumu kama kandambili. Majani ya rehani niliyoyatia mwanzoni kabisa yalikuwa nyuzi nyeusi.

Kwa hiyo sasa kuku anayeyukia kwenye friji usiku kucha, anamwagwa maji yake, anafutwa kwa kitambaa safi mpaka akauke. Halafu namkatakata kwa kisu kizito, vipande vidogo kama punje za mahindi, vingine vidogo zaidi. Nyama ya kusagwa kwa mashine inashikamana na kutoa maji mengi. Ya kukatwa kwa mkono ina kingo, na kingo ndizo zinazopata rangi.

Kuhusu chombo, msiende kununua kikaango cha Kichina cha bei mbaya. Karai la chuma, lile lile la sambusa, lina tumbo la duara na linashika moto. Vikaango vya kutonata havifai, maana ule utando haupendi moto mkali. Na hapa nijisifu kidogo: niliacha jiko la gesi nikatumia la mkaa, mkaa ukiwa umekolea kweli, tumbo la karai limekaa ndani ya moto. Gesi yangu ya nyumbani haijawahi kufika hapo. Mwenye gesi aigawe hiyo nyama, apike nusu kwa mara moja, basi.

Karai lipate moto mpaka moshi mwembamba uanze, ndipo mafuta vijiko viwili, ndipo kuku. Umtandaze, umuache. Dakika nzima usimguse! Tabia ya kukoroga koroga ndiyo inayomnyima rangi. Akishika rangi upande wa chini mgeuze, dakika moja na nusu nyingine, mtoe, umweke kwenye bakuli.

Wathai huanza na saumu na pilipili, lakini wao moto wao unamaliza kuku kabla saumu haijaungua. Kwa moto wetu, saumu ikitangulia, kuku akija kuiva yenyewe imeshakuwa mkaa, na uchungu wake hauondoki. Ndiyo maana nageuza mpangilio: kuku akitoka, punguza moto, mafuta kidogo, tia vilivyotwangwa, sekunde ishirini tu. Fungueni madirisha. Moshi wa pilipili kichaa huwatoa nje hata majirani.

Mrudishe kuku, ongeza moto, tia sukari na sosi. Mchuzi wa samaki upitishe kwenye ukuta wa karai, usiumwage juu ya nyama. Ukigusa chuma cha moto ule uvundo unageuka kuwa harufu ya nyama choma. Samaki wake ni jamaa wa dagaa mchele, waliolazwa kwenye chumvi kwa miezi. Nilijaribu kuukwepa kwa kutwanga dagaa wakavu na chumvi. Nilipata michanga mdomoni. Ukiukosa ongeza soya, itakuwa nzuri kiasi. Vijiko viwili vya maji vinatosha kufanya nyama ing'ae, visivuke hapo.

Kasheshe kubwa ilikuwa majani. Kaphrao ya Thailand ni aina ya rehani yenye ukali wa pilipili na harufu inayoelekea karafuu. Rehani yetu, ile ya kwenye kikuba, ni tamu na laini zaidi. Nikashauriwa nitumie kivumbasi kwa kuwa ni ukoo mmoja. Jamani. Chakula kilinuka kama mtu amefukiza chumba kufukuza mbu. Nikakaa nikawaza ile harufu ya karafuu, nikachukua karafuu moja kavu, nikakata kichwa chake tu, nikakitwanga pamoja na saumu na punje sita za pilipili manga. Rehani ya kawaida ikaingia mwishoni. Ndiyo hiyo! Karafuu mbili ni nyingi mno, chakula kinageuka pilau. Moja, na kichwa tu.

Majani yanaingia baada ya kuepua karai. Yageuze mara tatu nne, yakilegea pakua.

Wali uwe mtupu: bila nazi, bila mafuta, na bila chumvi, kwa sababu chumvi yote iko juu. Hapa ndipo wageni wangu huninunia, wakionja wali kabla ya kuku.

Yai wanaliita khai dao, yai nyota. Mafuta mengi, kama robo kikombe, yakiwa ya moto hasa. Livunje humo, mwagia mafuta juu kwa kijiko, kingo zikifura na kuwa kahawia huku kiini kinatikisika, toa. Mimi hulikaanga kwanza, halafu mafuta yaliyobaki ndiyo ya kuku. Pembeni weka kibakuli cha mchuzi wa samaki vijiko viwili, pilipili kichaa mbili zilizokatwa vipete na ndimu nusu. Watoto wasikifikie.