Tuzo za Fleabag na Ubishi Wetu wa Ujiji

Hapa Ujiji, binamu yangu hushikilia kwamba vichekesho vyenye huzuni ndani yake havipewi heshima, nami humjibu kwa mfano wa Fleabag, tamthilia ya Uingereza yenye vipindi 12 tu, ambayo mwaka 2019 ilitwaa tuzo 6 za Emmy, zile za televisheni za Marekani, ikiwemo ya tamthilia bora ya vichekesho. Phoebe Waller-Bridge, aliyeitunga na kuigiza mhusika mkuu, alipata ya uandishi na ya mwigizaji bora wa kike, naye Harry Bradbeer akapata ya uongozaji. Januari 2020 zikafuata 2 za Golden Globe, tuzo nyingine za Marekani za filamu na televisheni. Mimi naithamini zaidi ile ya uandishi, kwa sababu kumchekesha mtazamaji huku mhusika akimwomboleza rafiki yake ni jambo linaloanzia kwenye karatasi, ingawa binamu, shabiki sugu wa waigizaji, hajakubali.